Katoni 90 zilizobaki nje

Kontena la kwanza nililokadiria peke yangu lilikuwa la futi 20. Katoni za mteja zilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40. Nikachukua ujazo wa kontena, mita za ujazo 33.2, nikagawa kwa ujazo wa katoni moja, 0.096, nikapata 345. Nikamwahidi mteja 345. Siku ya kupakia ziliingia 255. Tisini zikabaki nje, na gharama ya kuzihifadhi na kuzisafirisha baadaye ikatuangukia sisi.

Kugawanya sikukosea. Nilikosea kuzihesabu katoni kama maji. Maji hujaza kila pembe. Katoni ikikosa nafasi ya sentimita moja, imekosa yote. Ndani ya kontena hilo mna takriban sentimita 590 za urefu, 235 za upana na 239 za kimo. Gawa kimo kwa 40: unapata tabaka 5 na sentimita 39 zinabaki. Tabaka zima la sita lilipotea kwa sababu ya sentimita 1! Kwa hiyo wewe uliyeanza kazi juzi, achana na ujazo kwanza. Gawa kila upande kivyake, kisha tupa desimali, hata kama ni 5.97.

Sakafu nayo ina mambo yake. Ukizipanga katoni zote kwa kufuata urefu wa kontena, unapata 9 kwa 5, yaani 45. Ukizikingamisha zote, 14 kwa 3, yaani 42. Sasa changanya: safu tatu za kukingama zinachukua sentimita 180 za upana, na safu moja ya kufuata urefu inachukua 40. Jumla 220, bado uko ndani ya 235. Hapo unapata 42 na 9, yaani 51 kwa kila tabaka, na mara 5 ndiyo 255 yenyewe. Mpango huo sikuukuta kwenye kikokotoo. Niliuona kwa wapakiaji, ambao hawakushika hata kalamu.

Kuna nafasi nyingine niliyoiacha. Anza na tabaka moja la katoni zilizosimamishwa, kimo 60, halafu tabaka nne za kulala juu yake: sentimita 220. Iliyosimama inakalia 40 kwa 40 tu, kwa hiyo zinaingia 70 sakafuni. Jumla inakuwa 274. Lakini uliza kwanza kama bidhaa inaruhusu. Mshale unaoelekea juu haukuchapwa kuwa pambo, na katoni za chini ndizo zinazobeba mzigo wote.

Mteja huyohuyo alipopunguza kimo cha katoni hadi 39, tabaka zikawa 6 na hesabu ikapanda hadi 306. Mimi nilimwambia 300. Uwazi wa mlango una kimo cha takriban sentimita 228 tu, na tabaka sita zinafika 234, kwa hiyo mstari wa mwisho mlangoni huenda ukakosa katoni zake za juu. Tena katoni huvimba ikijazwa. Pima iliyojaa na kufungwa, usipime tupu: ikifika 40, umerudi kwenye tabaka tano.

Paleti, yaani majukwaa ya kupangia mzigo, hurahisisha kushusha ila hula nafasi. Zile za sentimita 120 kwa 80 zinaingia 11 kwenye futi 20, kila moja ikibeba katoni 4 kwa tabaka. Kwa tabaka tano ni 220, badala ya 255. Kontena za baridi usizipigie hesabu kwa vipimo hivi kabisa; kuta zake ni nene na juu pana mstari ambao mzigo haupaswi kuuvuka.

Halafu uzito, ambao wageni wengi huukumbuka mwishoni. Soma mlango wa kontena: pameandikwa uzito wa juu kabisa na uzito wa kontena tupu. Kwa futi 20 mzigo huishia karibu tani 28, na sheria za barabara zinaweza kukubana chini ya hapo. Katoni 900 za vigae, kilo 30 kila moja, ni tani 27, na kontena litakuwa halijajaa hata nusu. Futi 40 ina ujazo wa mara mbili lakini haibebi uzito mara mbili. Mara nyingi inabeba pungufu kidogo, kwa kuwa lenyewe ni zito zaidi. Vigae, mbao mbichi, vyuma: agiza futi 20. Mito na vyombo vya plastiki: futi 40. Na tangu 1 Julai 2016 meli haipakii kontena ambalo uzito wake kamili haujathibitishwa, kwa hiyo jumlisha paleti na mbao za kukazia pia.

Siku hizi jibu langu kwa mteja lina namba mbili: katoni 255 zikilala zote, 274 akiruhusu tabaka moja kusimama. Chini yake naandika vipimo nilivyotumia, kisha naomba picha ya katoni iliyojaa ikiwa na futikamba juu yake.