Kabla ya kuwaita watu wa nje, nani atawapokea?

Mkuu, umeuliza hivi: kampuni yenu ya watu kama 200 imekukabidhi kazi ya kuanzisha ubunifu huria, yaani kutafuta mawazo na suluhisho nje ya kampuni pia, bajeti ipo, na hujui uanze na shindano la mawazo, mfumo wa mtandaoni wa kupokea mapendekezo, au ushirikiano na chuo kikuu. Kazi hiyo nimeifanya mara mbili katika kiwanda kimoja. Mara ya kwanza tulikwama, mara ya pili tukafaulu, na tatizo tulilokuwa tunalitafutia ufumbuzi lilikuwa lile lile. Ndiyo maana nitajibu kwa kirefu.

Tulikuwa tunatengeneza sabuni ya unga. Unga ulikaa kwenye tangi refu ambalo chini lina umbo la faneli, ukashuka kwenda mashine ya kufungasha. Kila mara ulijenga tao juu ya tundu la chini, ukagoma kushuka, mashine ikasimama. Dawa yetu ilikuwa nyundo: fundi anagonga ubavu wa tangi, unga unaporomoka, kazi inaendelea saa mbili tatu, kisha anaitwa tena.

Tukaamua kuuliza watu wa nje. Tangazo niliandika mimi mwenyewe: tunatafuta kitetemeshi chenye nguvu zaidi cha kufunga kwenye tangi la sabuni ya unga. Majibu zaidi ya 40 yakaja, karibu yote ya wauza vitetemeshi. Moja tu lilikwenda njia nyingine. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye maghala ya nafaka alituambia tuachane na kutetemesha, tubadilishe mdomo wa tangi: badala ya tundu la duara uwe mpasuo mrefu, na kuta za ndani ziwe laini na zenye mwinuko mkali zaidi. Nilisoma, nikaandika pembeni "nje ya mada", nikaenda kwenye jibu lililofuata.

Lile ndilo lilikuwa jibu. Kwenye tundu la duara tao hushikiliwa kuzunguka pande zote; kwenye mpasuo hushikiliwa na kuta mbili tu, kwa hiyo hubomoka kirahisi. Ilituchukua mwaka mmoja na nusu kulirudia, na bado linaniuma, kwa sababu mtu yule alitupa bure tulichokihitaji na hata asante hakuipata.

Kwa hiyo nikuulize kabla hujachagua kati ya yale matatu: ndani ya kampuni yenu, nani anajua tatizo vizuri kiasi cha kulitambua jibu likija limevaa nguo za kazi nyingine? Watafiti Cohen na Levinthal waliliandika hili mwaka 1990: uwezo wa kampuni kuona thamani ya maarifa ya nje, kuyameza na kuyatumia hutegemea sana maarifa ambayo tayari inayo. Naye mtafiti Chesbrough, aliyeupa ubunifu huria jina lake mwaka 2003, hakusema watu wa ndani waachwe. Watu wengi wanasikia "huria" wanadhani ni kupunguza wataalamu wao. Ni kinyume: mtu wa nje anakuongezea kazi ya kufikiri ndani.

Mara ya pili tulianzia karakana, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Tuliwaketisha mafundi, wahandisi na watu wa ufungashaji mezani pamoja, tukauliza swali moja: unga ukigoma, unaona nini? Fundi aliyeshika ile nyundo kwa miaka mingi akasema mabonyeo ya nyundo ndiyo yanayoushika unga, na kila akigonga anajua anaongeza tatizo la wiki ijayo. Alilijua siku zote. Hakuna aliyewahi kumuuliza, maana kazi yake kwenye makaratasi ilikuwa "matengenezo".

Tangu siku ile nikaanza daftari la nani anajua nini. Si orodha ya vyeti. Nilizunguka nikiuliza kila mtu: ukikwama, unamfuata nani? Majina machache yalijirudia kila idara, na baadhi yao hawakuwa na cheo chochote. Mtafiti Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alikwisha kuwaona watu wa aina hii miaka ya 1970 kwenye maabara za utafiti: wachache wanaosoma sana, wanaongea na watu wa nje, na wenzao huwategemea kwa habari mpya. Watafute hao kwanza. Wao ndio mlango wako, uwape funguo.

Kisha tukaandika tangazo upya, na safari hii neno sabuni halikuwemo wala neno kitetemeshi. Tuliandika: unga mkavu wa chembe ndogo, unyevu kiasi hiki, unajenga tao juu ya tundu la upana huu, tunataka ushuke wenyewe. Unapotaja bidhaa yako unaita watu wa fani yako tu, na hao tayari unao. Mfano unaotajwa sana ni wa mafuta yaliyomwagika Alaska kutoka meli ya Exxon Valdez mwaka 1989. Kuyasukuma kwa pampu yakiwa yameganda kwa baridi kuliwasumbua wataalamu wa mafuta kwa miaka. Mwaka 2007 tatizo likatangazwa kupitia InnoCentive, tovuti ya kutangazia matatizo kwa zawadi, na mkemia John Davis akashinda dola 20,000 kwa wazo alilolitoa kwenye kazi ya zege, ambako watu hutumia vifaa vya kutetemesha ili zege lisishikane. (Kwake mtetemo ulifaa. Sisi ulitudanganya, maana unga mkavu ukiutetemesha vibaya unashindiliana zaidi.)

Jambo la tatu, na hili usilikubali nusunusu: mtu wa kupokea awe na jina na awe na muda. Tulimpa mhandisi mmoja siku moja na nusu kila wiki, tukampunguzia kazi nyingine kweli, na akapewa ruhusa ya kujenga mfano wa majaribio bila kusubiri sahihi tatu. Kabla ya hapo kila pendekezo lilikuwa la kila mtu, yaani halikuwa la mtu.

Kiburi cha wataalamu pia kipo, nami nilikuwa nacho. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walipojaribu kutangaza matatizo yao ya utafiti kwa umma kuanzia mwaka 2009, mhandisi wa redio aliyestaafu alileta njia bora ya kutabiri dhoruba za chembe za jua, na bado baadhi ya wataalamu wa ndani walipata shida kukubali. Walijiona kuwa ni watatuzi. Kupokea jibu kwa mwingine kulionekana kama kushindwa. Kwetu kilichosaidia ni mkuu wa idara kubadilisha fomu ya tathmini ya mwaka, ili aliyeleta suluhisho kutoka nje ahesabiwe sawa na aliyelibuni. Maneno ya kuhamasisha kwenye vikao hayakufanya hata robo ya kazi ya mstari ule mmoja.

Wanasheria waite mapema: mkataba mfupi, nani anamiliki nini, malipo ni yapi, uwe tayari kabla ya tangazo kutoka. Na kila aliyeleta wazo ajibiwe ndani ya siku mlizoahidi, hata kama jibu ni hapana.

Mfumo wa mtandaoni sijauzungumzia kwa sababu jedwali la kawaida la kompyuta lilitutosha kabisa. Chuo kikuu ni kizuri kwa swali linaloweza kusubiri miaka miwili; kwa mashine iliyosimama leo, hapana.

Anza na tatizo moja tu. Ukishakaa na mafundi mkaliandika, liweke hapa kwenye uzi bila jina la bidhaa, tulisome pamoja kabla hujalitangaza.