Vigae vya 3D haviufichi ukuta mbovu, vinautangaza

Usimlipe muuzaji leo. Unasema umekwisha kuchagua vigae vya 3D vya mawimbi, yaani vyenye uso wa nakshi inayopanda na kushuka, kwa ajili ya ukuta wa nyuma ya televisheni, fundi anaanza mwisho wa juma, na taa ya mkanda utaiongeza baadaye ukingoni mwa dari. Kisha unauliza rangi ipi inafaa, kama jipsamu ni bora kuliko kauri, na kama vigae hivyohivyo vinaweza kuwekwa jikoni. Ningekujibu kwa utulivu, lakini umenukuu maneno ya muuzaji kwamba huna haja ya kupiga lipu upya kwa sababu nakshi itaficha kasoro za ukuta. Maneno hayo nayafahamu vizuri. Niliuziwa pamoja na vigae.

Kinachoweza kuficha kasoro ni uso wa matuta yasiyo na mpangilio, kama lipu ya kurushwa au mawe yaliyopasuliwa, kwa kuwa jicho halina mstari wa kufuata. Wimbi lina mstari, na mstari huo unatakiwa kuvuka kutoka kigae hadi kigae bila kukatika. Kigae kimoja kikichomoza kwa milimita 2 kuliko jirani yake, wimbi linavunjika pale kwenye kiungo, na aliyeketi kwenye kochi ataliona hata kama hajui chochote kuhusu ujenzi. Mtu anayeuza bidhaa hiyo kila siku hawezi kudai kwamba hajui jambo hili.

Ukuta wa sebule yangu ulikuwa na tumbo katikati. Fundi aliegemeza pima maji, akaliona, akaniambia kwamba gundi italisawazisha. Gundi ya kawaida ya vigae haikutengenezwa kujaza mabonde. Ikipakwa nene husinyaa inapokauka na kukivuta kigae kutoka pale kilipopangwa, kwa hiyo kazi iliyoonekana imenyooka jioni huweza kuamka asubuhi imepinda. Hata hivyo tulipomaliza hakuna aliyelalamikia tumbo. Lalamiko lilikuwa jingine kabisa, kwamba vigae havionekani. Dirisha letu linatazamana na ule ukuta, mwanga wake unaingia mbele kwa mbele, na mwanga wa namna hiyo huyafuta mawimbi kwa kuwa hakuna upande unaopata kivuli. Kwa mbali ungeapa kwamba tulipaka rangi nyeupe tu, tukaipaka kwa gharama kubwa.

Nilirudi dukani kuuliza mbona pale ukuta wao ulikuwa unacheza. Muuzaji akanionyesha juu, ambako kulikuwa na taa iliyofichwa karibu kabisa na ukuta, ikimwaga mwanga kwenda chini. Nikaenda kufunga ya aina ileile. Usiku tulipoiwasha, mawimbi yalitokea kweli, na pamoja nayo likatokea tumbo zima, viungo vyote vilivyopishana, na kigae kimoja karibu na swichi kilichobandikwa kichwa chini, ambacho vivuli vyake vilikuwa vimegeuka hivi kwamba kila bonde lake lilionekana kama kilima. Nilipompigia simu muuzaji yuleyule, alinishauri nipunguze mwanga. Yaani nilikuwa nimenunua urembo wa kutazamwa gizani. Wageni walipouliza, niliwaambia kwamba ni sanaa ya kisasa, na baadhi yao kwa heshima waliitikia kwa kichwa.

Sababu yake ni hesabu ndogo tu. Mwanga unaopiga ukuta kwa nyuzi 45 hukipa kigae kilichochomoza milimita 1 kivuli cha milimita 1, ambacho hakuna anayekijali. Mwanga huohuo ukishuka karibu sambamba na ukuta, tuseme kwa nyuzi 5, kivuli cha ile milimita 1 kinarefuka kupita milimita 11. Taa inayoipa nakshi uhai ndiyo hiyohiyo inayoanika kila kosa la fundi, na huwezi kununua nusu yake ya kwanza ukaiacha ya pili dukani.

Kurekebisha ndiko kulikonimaliza. Kigae cha kauri kilichoshika vizuri hakibanduki kikiwa kizima. Kinavunjika, na kinapotoka kinaondoka na lipu iliyo nyuma yake. Kwa hiyo nililipia vigae mara mbili, gundi mara mbili, ufundi mara mbili, na juu ya hayo nililipia lipu mpya ambayo tangu mwanzo niliambiwa siihitaji. Vumbi sikuliweka kwenye hesabu, ingawa bado linatoka ndani ya vitabu.

Ndiyo maana nasema taa kwanza, kigae baadaye. Usiku, kabla hujanunua hata boksi moja, zima taa zote za sebuleni, lalisha tochi yenye mwanga mkali juu ya ukuta pale itakapokaa taa ya mkanda, uelekeze mwanga chini, kisha uzunguke nayo kushoto na kulia. Kila kivuli utakachokiona kizungushie penseli. Halafu chukua ubao mnyoofu wa mita 2, uuegemeze wima, mlalo na mshazari. Ukipata nafasi inayozidi milimita 3 kati ya ubao na ukuta, hapo panahitaji lipu, si gundi. Fundi wako awepo wakati huo, aone kwa macho yake, na mkubaliane kwamba kazi itapokelewa taa ikiwa imewashwa, si mchana. Akikuambia kwamba hayo ni mambo ya kupoteza muda, mshukuru, kwa kuwa amekuokolea fedha nyingi kwa sentensi moja.

Ukuta ukishanyooka, nyaya na sehemu ya taa viwekwe kabla ya vigae, kisha taa iwashwe na iendelee kuwaka wakati wote fundi anapobandika, ili kosa lionekane gundi ikiwa bado mbichi. Vigae vipangwe kwanza sakafuni bila gundi, na vigeuzwe kimoja kimoja kutazamwa mgongoni, maana vingi vina mshale unaoonyesha upande wa juu. Hapo ndipo kigae changu cha swichi kilipoteleza, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mshale huo upo.

Jipsamu na kauri zote zitaonyesha tumbo la ukuta kwa usawa, hivyo usidhani kwamba kubadili malighafi kutakuokoa. Labda tu ukumbuke kwamba vipande vya jipsamu viungo vyake vinaweza kujazwa, kusuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi vikiwa ukutani, jambo lisilowezekana kwa kauri iliyokwisha kung'arishwa kiwandani. Rangi chagua uipendayo, ila kumbuka kwamba ya kung'aa itaakisi televisheni. Tochi ukiwa huna, ya simu inatosha kwa kuanzia, mradi uilaze kabisa ukutani na usiishike kwa mbali kama mtu anayetafuta funguo.