Zaire ya Lumumba haikuwapo

Swali: Msomaji wa Katuba, Lubumbashi, anauliza jina Zaire lilitoka wapi, na kama ni kosa kumwita mtu Mzairwa siku hizi.

Jibu: Mabaharia Wareno waliofika mlangoni mwa mto wetu mkubwa mwishoni mwa karne ya 15 waliwasikia wenyeji wakiuita nzadi au nzere, yaani mto kwa Kikongo, nao wakalitamka neno hilo kadiri ndimi zao zilivyoweza. Hivyo jina lililotangazwa mwaka 1971 kwa mbwembwe za kurudi kwenye asili lilikuwa limekwisha kupita kinywani mwa Mreno.

Kinachonikera ni kingine. Kila Januari husomwa na kutangazwa kwamba "Patrice Lumumba alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Zaire". Wa Zaire ipi? Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, karibu na mji wetu huu, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, na nchi ikaitwa Zaire tarehe 27 Oktoba 1971, miaka kumi na miezi tisa baada ya kifo chake. Katika hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, maneno ya kwanza kabisa yaliwaita wasikilizaji Wakongomani, wanaume kwa wanawake. Leo mwandishi asiyetazama kalenda anambandika marehemu uraia wa nchi iliyobatizwa na Mobutu, mtu yule yule aliyempindua! Ndugu zake wa kalamu humweka Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, "jimboni Shaba" mwaka 1960, jina ambalo jimbo hilo lilipewa baadaye, ilhali aliyoitangazia kujitenga ni Katanga.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili, wakiandika kwamba mabondia Ali na Foreman walipigana Kinshasa, "nchini Kongo", mwaka 1974. Hapo Zaire ndilo jina sahihi, na litabaki sahihi kwa kila jambo lililotokea tangu siku ile ya Oktoba 1971 hadi tarehe 17 Mei 1997, nchi iliporudia jina la Kongo.

Kuhusu Mzairwa, mzee aliyezoea kujiita hivyo mumwache, maana hata cheti cha ndoa yake huenda kimeandikwa hivyo. Lakini mwandishi wa habari anayewaita Wazairwa vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1997 hana cheti cha kumtetea, na mhariri wake naye aulizwe alikuwa wapi.