Swali la lugha: Utaifa, uzalendo na uraia

SWALI: Kwenye mdahalo wa shule yetu, Kasulu mkoani Kigoma, tulipewa mada "Chimbuko la utaifa na nafasi yake katika kujenga taifa leo". Wenzetu walisema utaifa ndio uzalendo. Sisi tukasema ni uraia, kwa kuwa tumeona fomu zenye "Utaifa: Mtanzania". Nani kapatia?

JIBU: Hakuna aliyepatia, ingawa ninyi mna udhuru: fomu ndizo zilizowapoteza. Panapoulizwa wewe ni raia wa nchi gani, neno linalofaa ni uraia. Uraia huombwa, hutolewa, hukanwa, na mtu anaweza kuvuliwa. Jaribuni kusema "amevuliwa utaifa" mwone sikio linavyokataa.

Utaifa una maana mbili zinazokaribiana: hali ya watu kujiona taifa moja, na itikadi inayodai kwamba taifa hilo lijitawale. Mada yenu inahusu hiyo ya pili. Ilipata nguvu Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, hasa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, yaliyotangaza kuwa chimbuko la mamlaka yote ni taifa. Mfalme hakutajwa hapo. Ukitaka kuona utaifa na uraia vikiachana, tazama Ujerumani: kabla ya 1871 haikuwa dola moja, mtu alihesabiwa wa Bavaria au wa Prussia, ilhali utaifa wa Kijerumani ulikuwa umeshapamba moto. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Wakoloni walichora mipaka kwanza, taifa likatafutwa baadaye humo ndani. Watu wa Kasulu hamhitaji kuelezwa zaidi; Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na mpaka umepita katikati yake.

Uzalendo ni mapenzi ya mtu kwa nchi yake na utayari wa kuitumikia. Wenzenu wangejiokoa kwa kukumbuka Tabora, Januari 1958. Mkutano Mkuu wa TANU ulibishana kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Hoja ya Nyerere ya kushiriki ikapita; Zuberi Mtemvu, aliyepinga, akajitoa na kuanzisha chama chake. Nani hapo hakuwa mzalendo? Wote walikuwa. Kilichowagawa ni utaifa: nani ahesabiwe ndani ya taifa la Tanganyika, na kwa kigezo gani. Oktoba 1961 ugomvi huohuo ukaingia bungeni, baadhi ya wabunge wakitaka rangi iwe kigezo, Nyerere akakataa katakata. Lakini safari hii kilichokuwa mezani ni muswada wa sheria ya nani awe raia, kwa hiyo neno lake ni uraia.

Mfano wa karibu zaidi ni Ulyankulu, hapahapa mkoani Tabora. Wakimbizi wa Burundi waliokuja 1972 waliishi huko miongo kadhaa, wakazaa na kujukuu, na hati zikaanza kutolewa kwa wingi mwaka 2014. Andika "wamepewa uraia". Kama wanajiona na kuonwa Watanzania, hilo ni swali la utaifa, na jibu lake haliko kwenye hati.

"Kujenga taifa" nako msikubadilishe kuwa "kujenga nchi". Nchi ni ardhi na mipaka yake. Taifa ni watu. Ndiyo maana jeshi lililoanzishwa 1963, lenye kambi Bulombora kule Kigoma na Msange huku Tabora, likaitwa Jeshi la Kujenga Taifa. Kutaifisha ni jambo jingine kabisa, la mali kuchukuliwa na serikali, japo shina ni lilelile.

Mtakutana pia na "harakati za kizalendo" katika vitabu vya historia, mwandishi akikusudia kupigania uhuru. Matumizi hayo yamezoeleka, msiyakate kalamu nyekundu. Ila kwenye mdahalo, msemaji wa kwanza aeleze utaifa kwa sentensi moja kabla ya hoja yoyote, la sivyo mtabishana dakika zote na kila upande una neno lake.