Maswali Yenu kwa Mjomba: Ni Joto au Ni Mila?

SWALI: Mjomba salaam. Mimi ni fundi simu, nimetoka Nakuru nikafungua kibanda hapa Lamu upande wa Langoni. Watu wa hapa nawapenda ila wananimaliza. Mteja akiingia ananisalimia, anaulizia mke wangu, watoto, baba alieko bara, ndio atoe simu mfukoni. Nimempa fundi wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, kazi ya kaunta, nikamwambia ailete keshokutwa saa mbili asubuhi, akanijibu "saa hiyo maji bado." Kaunta na maji wapi na wapi? Jamaa mmoja ananiambia ni joto, ati watu wa pwani damu imepoa. Ni kweli?

JIBU: Aleikum salaam mwanangu. Huyo jamaa wa damu kupoa mwambie hadithi yake kuukuu sana. Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Tunis wa karne ya 14, alishaandika kwamba watu wa nchi za joto ni wachangamfu na kesho haiwashughulishi, na wale wa Fez, huko Moroko, kwenye baridi ya vilima wamejaa mawazo, mpaka mtu ameweka ngano ya miaka nyumbani na bado anadamka sokoni kununua chakula cha siku asije akagusa akiba. Jicho alikuwa nalo mzee wa watu, lakini hiyo sababu ya joto mimi siikubali. Shuka bandarini mashua ikirudi na samaki wakati barafu inayeyuka, jua la utosi, uniambie umemuona nani aliyepoa.

Tuanze na kaunta. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, na mkono wa bahari wa kuingilia Siyu chombo hakipiti mpaka maji yajae, yakitoka hapo ni matope na mikoko tu. Kwahiyo kama leo yamejaa saa mbili basi keshokutwa ni saa nne kasoro, na fundi wako alikuwa anakupa saa kamili kabisa ila wewe ukaisikia kama kisingizio. Mtu aliyekulia hivyo, babake hivyo, babu yake hivyo, ukimpangia saa moja ile ile kila siku anakuona wewe ndio hujui mambo.

Salamu ndio ndefu. Tembea Mkomani, mtaa wa zamani wa hapo Lamu, uangalie. Dari za zamani zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, ndio mana vyumba ni virefu lakini vyembamba, alafu nyumba zimebanana, chochoro zenyewe kiasi cha punda na mzigo. Akija punda na mawe wewe unajibana ukutani, kumbe hapo ni daka la mtu, baraza la mlangoni, na dakani wamekaa watu wanakutazama usoni, utapita kimya vipi? Juu yake weka dini, kuitikia salamu ni wajibu. Alafu weka kusi, ule upepo mkali wa kusini: bahari ya nje inachafuka, wavuvi wengi wanabaki kushona nyavu na nyumbani watu wanataka unga, so vitu vinachukuliwa dukani kwa daftari mpaka kaskazi irudi. Na mwenye duka anamkopesha nani? Yule anayemjua mke, watoto na baba. Mteja anaekuulizia familia anakuingiza kwenye daftari la mtaa, na siku utakayokwama wewe utaona faida yake.

Wengine watasema ni tabia ya kuzaliwa. Kuna watafiti walienda Brazil kwa jamii mbili za wavuvi, wamoja wa ziwani wanaovua kila mtu na kidau chake, wengine wa baharini ambako bila kundi huendi popote, na matokeo yakachapishwa 2013. Wakawapa mchezo wa kurusha mpira kwenye ndoo, mtu achague alipwe kwa mipira yake au ashindane na mwenziwe. Wa ziwani walipenda kushindana zaidi, na kinachonifurahisha ni hiki: kadiri mtu alivyovua miaka mingi ndivyo tofauti ilivyokuwa kubwa. Kazi ndio iliyowafinyanga.

Na tabia inageuka pia. Bodaboda zimeingia Lamu, na mtu akiwa juu ya pikipiki salamu yake ni honi. Mimi sipendi, basi.

Cha kufanya: bandika ratiba ya maji ukutani hapo kibandani, na mteja akikuulizia watoto mjibu huku unafungua skrubu.

SWALI: Mjomba, mbona vijana wa Malindi wanapiga Kitaliano bila kukanyaga darasa? Ni kipaji?

JIBU: Kipaji gani! Wataliano walijenga kituo chao cha San Marco hapo Ngomeni miaka ya 1960, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka huko tarehe 12 Desemba 1970, alafu watalii wakajaa na mahoteli yakaja na mapizza. Kijana anayeuza vinyago ufukweni asipojua kutaja bei kwa Kitaliano hali usiku huo. Kaa Watamu, hapo jirani na Malindi, msimu mmoja tu na wewe mwenyewe utarudi unasema "ciao" kwa mama yako.