"Unity" sio umoja kila mahali

Miaka ya mwanzo ya kutafsiri nilikuwa nikikutana na neno "unity" hata siwazi, naandika umoja napita, maana ndo tulivokaririshwa tangu wadogo, unity umoja, peace amani, basi. Mpaka siku nikapewa mwongozo wa mashine moja ya umeme, ndani yake kuna sentensi inasema pawa fakta, yaani kipimo cha umeme unaovutwa unafanya kazi kwa kiasi gani, iwe "close to unity", na mimi nikaandika "iwe karibu na umoja" nikakabidhi kazi. Fundi aliyeupokea akanipigia simu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Samahani dada, huu umoja ni kifaa gani, mbona kwenye mchoro siuoni?" Nikakosa jibu. Iliniuma sana kwasababu yule mtu alikuwa anatafuta kitu ambacho hakipo, kwenye mashine yenye umeme mkubwa, na aliyemtuma kukitafuta ni mimi.

Kumbe kwenye hesabu na ufundi "unity" ni moja. Namba 1, hamna kingine. Ukikuta "less than unity" ujue ni chini ya 1, "greater than unity" ni zaidi ya 1. Pawa fakta inatembea kati ya 0 na 1, ikifika 1 maana yake volti na mkondo vinapanda na kushuka kwa pamoja na umeme wote unaovutwa unafanya kazi, ikishuka labda ikawa 0.7 basi waya zinabeba mkondo mkubwa kuliko kazi inayofanyika. Sasa hebu weka "umoja" hapo uone kama kuna mtu ataelewa.

Mafundi sauti nao wana "unity gain", yaani sauti inatoka na nguvu ileile iliyoingia nayo, haijaongezwa wala kupunguzwa. Angalia mixer, mashine ya kuchanganya sauti, ile slaida unayoisukuma juu na chini, pembeni yake kuna alama ya 0, na mixer nyingine vile vitufe vya kuzungusha vimeandikwa herufi U. Watu wanachanganyikiwa hapo, kama unity ni moja mbona imeandikwa sifuri? Ni kwasababu pale wanapima kwa desibeli, kipimo cha kulinganisha nguvu ya sauti, na desibeli 0 ndo uwiano wa 1. Mi nilivoelewa hili nilikaa nalo siku nzima nafurahi peke yangu.

Sasa tuje kwenye umoja wenyewe, ule wa watu kushikamana, na hapa ndo naona makosa mengi zaidi hasa tukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Neno letu umoja limebeba mzigo mkubwa kuliko "unity". Angalia Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulioanzishwa 1963, kwa Kiingereza ulikuwa Organization of African Unity, alafu 2002 ukaja Umoja wa Afrika ambao ni African Union. Sisi tunasema umoja kote, wenzetu wamebadilisha neno. Unity ni ile hali ya kuwa kitu kimoja, kule kupatana, union ni chombo chenyewe chenye wanachama na katiba na viongozi. Umoja wa Ulaya nao ni union. Umoja wa Mataifa wao wametumia "United", yaani yaliyoungana. Kwahiyo umoja wa wanafunzi ni "students' union", ukiandika "students' unity" msomaji ataelewa kwamba wanafunzi wanapatana, hatajua kuna ofisi na mwenyekiti. Na ile umoja na wingi ya kwenye sarufi ni "singular", nimeshaona mtu kaandika "unity and plural" na alikuwa mtu msomi kabisa.

Alafu kuna hadithi au mchoro kusifiwa kwamba una "unity". Hapo naandika muwala, au nasema tu sehemu zake zimeshikana. Watu wa tamthilia wana "the three unities", tukio moja, mahali pamoja, siku moja, zinapachikwa kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ila yeye aliyesisitiza ni ile ya tukio, ya mahali waliiweka Waitaliano karne ya 16.

Kitu kingine jamani, yuniti. Sisi yuniti ni zile za umeme, imetoka kwenye "unit", tukaongeza irabu mwishoni kama kawaida yetu, matokeo yake ikafanana kabisa na "unity" ukiitamka. Ndo maana utaona mtu anaandika "unity za umeme zimeisha". Kwenye meseji kwa ndugu yako haina shida, ila ukiandika barua ya kazi kwa Kiingereza ukasema "this unity is broken" umesema kitu kingine kabisa, umesema mshikamano umevunjika wakati ulitaka kusema kifaa kimeharibika. Na usiandike "an unity" kisa imeanza na u, inaanza na sauti ya yu, kwahiyo ni "a unity".

Ninachofanya siku hizi nikiikuta "unity", nabadilisha kwa muda nikaweka "moja", sentensi ikikubali basi ni namba, ikikataa najaribu "kupatana", ikikataa tena najaribu "kushikana kwa sehemu". Mara nyingi hazivuki hizo tatu.

Ule mwongozo niliomba unirudie, nikausoma upya kurasa zote, nikakuta "umoja" mwingine sehemu mbili zaidi ambazo fundi alikuwa hajazifikia. Sasa inasomeka "pawa fakta iwe karibu na 1", nikamtumia, akajibu neno moja tu, "sawa".