Saa ya Utulivu Usiipe Mazoezi

Mzazi mwenye watoto walio chini ya miaka mitano akiniuliza namna ya kuendelea na mazoezi ya mwili pamoja na burudani anayoipenda, humshauri kwanza aache kuvitafutia vitu hivyo viwili nafasi moja. Mazoezi huvumilia kukatizwa, lakini burudani nyingi hazivumilii. Kwa hiyo saa chache za utulivu zinazopatikana nyumbani ziachiwe gitaa, cherehani au kitabu, na mwili ushughulishwe watoto wakiwapo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na umeondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kisipungue dakika 10. Maana yake ni kwamba kuchuchumaa na kusimama mara kadhaa maji ya bukari, yaani ugali, yakisubiri kuchemka nako kunahesabika. Watoto wa miaka 3 na 4 nao wanahitaji kuchezesha mwili angalau dakika 180 kwa siku, basi kwa nini tusiwafuate? Hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, mimi humbeba mwanangu mdogo mgongoni na kwenda sokoni kwa mwendo wa haraka, mkubwa akitangulia. Lubumbashi ni tambarare, na uzito wa mtoto hufidia milima tusiyo nayo. Mwezi wa Juni na Julai husubiri jua lipande, kwani baridi ya asubuhi haina huruma. Mvua ikinyesha, tunaruka kamba barazani.

Gitaa ni habari nyingine. Napenda upigaji wa Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo: kidole gumba hushika besi bila kuyumba huku kidole cha shahada kikitembea na wimbo. Ukiitwa katikati kumfuta mtoto kamasi, vidole husahau vilipofikia. Ndiyo maana tulipatana na mke wangu kwamba Jumamosi alasiri ni yangu na Jumapili baada ya misa ni yake, na mwenye zamu ya watoto haruhusiwi kumwuliza mwenzake viatu viko wapi. Kilio au ugonjwa ukiharibu zamu, inahamishwa ndani ya wiki hiyohiyo. Ikiachwa kwa ahadi ya "siku nyingine", imekufa. Timu ya mpira ya mtaa niliiacha, kwa sababu mechi moja humeza siku nzima, na deni la namna hiyo sioni jinsi ya kumlipa mwenzangu.

Asiye na mwenzi anaweza kupatana hivyohivyo na jirani wa parseli (kiwanja) moja mwenye watoto wa umri huo, mradi wataje siku na saa waziwazi, na yeye awe wa kwanza kuwalea wa mwenzake.